Bendera kwenye Njia ya Ng'ombe

Jumanne, 3 Septemba

Leo wamenipa bendera. Mbili, nyekundu na kijani, pamoja na kofia ya plastiki inayonipwaya na koti la rangi ya machungwa linalonuka jasho la mtu mwingine. Fomani wetu, Eriya, akanionyesha fasi ya kusimama: pale njia ya ng'ombe inapokata barabara mpya, ukitoka Rwekubo kuingia kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale. Akaniambia, "Mashini ikikuja, onyesha. Ng'ombe ikikuja, onyesha. Kwisha." Hayo njo mafunzo yote niliyopata.

Mashini yenyewe inaitwa skrepa. Nilifikiri nimeona mashini zote, kumbe bado. Ni ndefu, imekatika katikati kama siafu, mbele injini na nyuma tumbo la chuma. Chini ya tumbo iko na kisu. Buldoza inaisukuma kwa nyuma, kisu kinakata udongo, tumbo linameza, halafu inakimbia hadi bondeni kuutapika. Inarudi. Inameza tena. Kutwa nzima. Kilima ambacho tulikuwa tunapumzikia tukitoka sokoni hakipo, kimeshalala bondeni.

Jioni baba mkwe wangu, Mzee Sebagabo, aliniuliza kama ile mashini inajua kwamba njia ya ng'ombe ilikuwa pale kabla yake. Nikamwambia sijui inajua nini, ila mimi nitasimama. Akacheka kidogo puani. Ng'ombe wake wanapita pale asubuhi kwenda ziwani na jioni kurudi, na hakuna maji mengine.

Alhamisi, 5 Septemba

Dereva wa skrepa anaitwa Ahimbisibwe. Alikuwa dereva wa mashini za jeshi, na mke wake bado anakaa kwenye nyumba za askari huko Mbarara, kwa kaka wa huyo mke, naye askari. Ana kelele! Leo kunitupia macho tu ameanza: "Wewe nyabo, simama vizuri! Bendera si ya kufukuza nzi!" Nyabo ni mama kwa lugha yao. Nikamjibu kwamba nzi wako kwake, kwangu hawajafika. Watu wa koleo walicheka, yeye hakucheka.

Simpendi. Anaendesha kama anakimbizwa.

Jumatatu, 9 Septemba

Vumbi. Nimekohoa udongo mwekundu.

Alhamisi, 12 Septemba

Lazima niandike hii kabla mama mkwe hajaibadilisha, maana tangu jioni ameshaisimulia mara tatu na kila mara mashini inakuwa kubwa zaidi.

Mzee alichelewa kurudi kutoka ziwani. Ng'ombe wake saba, ndio wote aliobaki nao. Kule Minembwe, kabla hatujakimbia vita, alikuwa na kundi ambalo hata hakulihesabu, wengine waliporwa, wengine walichinjwa mbele yake. Bihogo, yule mwekundu mwenye pembe zinazotazama juu, njo wa kwanza aliyemnunua hapa Uganda, na wengine wanamfuata. Basi Bihogo alikuwa ameshaweka miguu barabarani, na skrepa inashuka na tumbo limejaa.

Mzee hakukimbia. Alitembea mpaka katikati ya barabara, akaweka mguu mmoja mbele, akainua fimbo juu, akatulia. Hivyo njo wanavyomsimamisha fahali mkali kwetu milimani. Ukimkimbia anakufuata, ukisimama umemkazia macho, naye anasimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, pembeni, upande wa kushoto wa dereva. Nilipunga nyekundu kwa mikono yote miwili mpaka kofia ikaanguka. Ahimbisibwe aliniona mimi. Akashusha tumbo la mashini chini, likakwaruza udongo, ikasimama na vumbi likatufunika wote.

Vumbi lilipopungua, Mzee bado amesimama, fimbo juu. Aligeuka akaniangalia, na mimi bendera nimeshaishusha ili niokote kofia.

"Umeona?" akasema. "Umeona, mutoto wangu? Hata ile ya chuma iko na masikio."

Ningemwambia palepale. Lakini mnamjua? Yule mzee tangu nimeolewa sijamwona meno. Anakaa, anakamua, anasali, analala. Leo alirudi nyumbani anaimba sifa za Bihogo, zile za zamani za wachungaji, mstari kwa mstari, na mama mkwe Nyirakamana akammiminia maziwa kwenye kikombe kizuri huku anajifuta machozi ya kucheka. Nikanyamaza. Hata zaidi ya kunyamaza: bombani wanawake waliponiuliza nikaongeza chumvi. Nikasema mashini ilitetemeka.

Jumatano, 18 Septemba

Sasa ni kila siku. Mzee hangoji bendera yangu. Anasimama, anainua fimbo, mimi nyuma yake napunga, skrepa inasimama, ng'ombe wanavuka. Wachungaji wengine wanakuja kutazama. Niyomugabo, jirani yetu, aliyekuja na ng'ombe wawili tu, leo amepiga makofi kabisa.

Jumanne, 24 Septemba

Leo Ahimbisibwe amezima mashini, ameshuka, amekuja moja kwa moja kwangu. Nikajiweka tayari kwa matusi. Hakutukana.

"Nyabo. Kuja. Panda."

"Nipande wapi?"

"Kule juu. Kuja uone."

Nilipanda, nimeshika sketi kwa mkono mmoja, watu wa koleo wanapiga miluzi. Kiti chake kiko juu sana, kimebanwa upande wa kushoto. Akaniambia nikae, niangalie kushoto. Nikaona barabara yote, nikaona hata sandali yangu niliyoiacha chini.

"Sasa angalia kulia. Unaona nini?"

Nikaangalia. Niliona chuma. Injini, bomba la moshi, tairi refu kuliko mimi. Barabara ya upande ule haipo. Ungeweka nyumba pale nisingeiona.

"Mzee yako ikisimama kule, mimi hapana ona. Mimi naona bendera yako tu. Bendera ikiwa hapana, mimi napita. Unasikia? Ambia yeye." Halafu akashusha sauti. "Baba yangu pia iko na ng'ombe, huko Bwizibwera. Iko na kichwa ngumu namna hii hii."

Nilishuka, nikavaa sandali yangu. Nikasema nitamwambia leo.

Jioni nikamkuta nje anamkuna Bihogo shingoni, wazee wawili wamekaa naye, na yeye anawaeleza namna ya kuweka mguu. Nikasogea karibu. Aliponiona akasema kwa wenzake, "Huyu mukwe wangu njo shahidi. Alikuwa pale." Wote wakaniangalia.

Nikasema, "Ndiyo, Muzee."

Nitamwambia kesho.

Jumamosi, 28 Septemba

Sijamwambia.

Jumatano, 2 Oktoba

Mvua. Ya kwanza ya kweli. Udongo mwekundu umekuwa sabuni, skrepa imeteleza ubavu na buldoza ikaja kuikokota. Tumerudishwa nyumbani mchana. Mama mkwe amefurahi kwa ajili ya maharage yake, mimi nimechukia kwa ajili ya viatu vyangu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatatu, 14 Oktoba

Eriya amenitoa pale. Ati mvua imechelewesha kazi, wakubwa wanakuja kila siku kukagua, pikapu zao zinakwama kwenye njia panda ya Rwekubo, kwa hiyo bendera inahitajika huko.

Nikamuuliza, "Na kwenye njia ya ng'ombe atasimama nani?"

"Mashini iko na honi."

"Honi haina macho, Eriya."

"Wewe unataka kazi ama unataka kubishana?"

Kampuni iliahidi kuwatengenezea ng'ombe fasi ya kuvukia, tangu mwezi wa nane iliahidi. Niliwakumbusha. Eriya akaniambia niandike bungeni. Nilitamani kumpiga na mti wa bendera, Mungu anisamehe, hata sasa bado natamani.

Nikamfuata Ahimbisibwe. Aliposikia alitukana, safari hii si mimi. Akasema atakuwa anapunguza mwendo akifika pale, ila fomani anamhesabia safari. "Ambia mzee angoje. Nakuomba."

Jioni nilikaa mbele ya Mzee kabisa. Nikasema, "Muzee, sasa niko mbali, niko njia panda. Mashini ikikuja, mungoje ipite kwanza. Musisimame barabarani."

"Kwa nini? Mashini inanijua."

"Mvua iko mingi. Inateleza."

"Hata fahali anateleza," akasema, akacheka.

Nikamwambia tena angoje. Nilimwambia mvua, nilimwambia matope, nilimwambia breki. Lile neno lenyewe halikutoka. Mama mkwe alikuwa pale anachambua mchele na ananiangalia kwa jicho la kuniuliza kwa nini namharibia mume wake siku.

Ijumaa, 18 Oktoba

Imetokea jana. Naandika kwa sababu nikilala naona.

Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, kwa hiyo wakawasha mashini zote. Mimi niko njia panda napungia pikapu. Kama saa nne nikasikia honi ya buldoza, ndefu, haikatiki. Halafu injini moja ikazimika, na ya pili. Mashini zikizimika zote pamoja saa za kazi, kila mtu pale anajua maana yake. Nilitupa bendera nikakimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye matope, sikukirudia.

Bihogo alikuwa amekwama. Magurudumu ya mashini yalikuwa yamechimba mtaro, akaingia miguu ya mbele, akashindwa kutoka. Wenzake wameshavuka. Skrepa inakuja imejaa. Mtu wa buldoza ananiambia Mzee alimwacha ng'ombe, akaenda mbele yake, akasimama. Mguu mbele, fimbo juu. Upande wa kulia. Ahimbisibwe alikuwa amepunguza mwendo kweli, wote wanasema alikuwa amepunguza, alikuwa anatazama kushoto kule anakozoea kuniona. Hakuona bendera, hakuona mtu. Akapita.

Mzee hakusogea hata hatua. Mtu wa buldoza analia akinieleza: alikuwa na nafasi ya kuruka, mama, alikuwa na nafasi kabisa, kwa nini hakuruka? Mimi najua kwa nini.

Tairi lilimpitia kuanzia kiunoni kushuka. Alikuwa bado anapumua. Ahimbisibwe amepiga magoti kwenye matope, amemshika kichwa, anasema kwa lugha yao maneno yaleyale tena na tena. Nilimsukuma. Nilimpiga ngumi mgongoni, nikampiga tena, naye hakujikinga. Halafu tukamwinua Mzee pamoja, yeye mabegani na mimi sijui wapi, tukamweka nyuma ya pikapu ya wakubwa. Ile pikapu niliyoondolewa ili niipungie.

Barabara ya Mbarara haiishi. Nilimwekea kichwa kwenye mapaja yangu. Karibu na lami alifungua macho, akauliza kama Bihogo ametoka. Nikasema ametoka. Akasema, "Leo haikusikia." Akafumba macho. Nilidhani amelala.

Mume wangu Venuste anafanya kazi kwenye kituo cha kukusanya maziwa huko Bwizibwera, nilimpigia akatukuta mlangoni mwa hospitali. Daktari aliweka vidole shingoni mwa Mzee palepale kwenye pikapu, akamwangalia Venuste, akatikisa kichwa. Venuste alianguka chini kama gunia.

Bihogo hakutoka. Walimchinja palepale, mguu ulikuwa umevunjika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumemzika Jumamosi, mvua inanyesha. Mchungaji Eliezeri amehubiri juu ya mtu ambaye hakuogopa chuma. "Ndugu yetu Sebagabo alisimamisha mashini," akasema, na kanisa zima likasema Amina. Mama mkwe aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Watu wa kampuni walikuja na mchele na maturubai. Mmoja aliyevaa viatu safi aliniuliza kama mzee alikuwa kiziwi. Nikamwambia kiziwi ni nyinyi, niliwakumbusha ile fasi ya kuvukia. Venuste alinivuta mkono.

Leo Ahimbisibwe alikuja pia. Polisi walimshika, wakamwachia Jumapili. Hakuthubutu kuingia, alikaa nje kwenye jiwe, mvua yote inamwishia. Nilimtazama kutoka dirishani nikatafuta ile chuki yangu ya mwanzo. Sikuipata. Nilimpelekea chai, akaishika mpaka ikapoa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wamenirudisha kwenye njia ya ng'ombe. Sasa njo wanaona. Ahimbisibwe naye yuko kwenye kiti chake, ati hakuna dereva mwingine wa ile mashini.

Jumanne, 29 Oktoba

Bombani wanabishana kwa nini Mzee alikufa. Mmoja anasema dereva alimwekea chuki. Mwingine anasema hapana, Mzee aligeuza macho kumwangalia Bihogo, na ukigeuza macho umekwisha. Niyomugabo ameingilia, ndoo mkononi, anasema mguu njo ulikuwa vibaya kwa sababu ya matope.

"Mutu akisimama muzuri, inasimama," amesema. "Tuliona kwa macho yetu. Siku mingi."

Nilicheka, kile kicheko cha kukosa la kufanya. Halafu nikaona hakuna mwingine anayecheka.

Alhamisi, 31 Oktoba

Niyomugabo amesimama leo. Aliacha ng'ombe wake wawili pembeni, akaingia barabarani, mguu mbele, fimbo juu. Upande wa kulia! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, nikakimbilia kushoto, nikapunga. Skrepa ikasimama karibu naye kabisa, angenyoosha mkono angeigusa.

Na watu wakapiga makofi. Jamani. Wachungaji watano, sita, wanapiga makofi na kusema jina la Sebagabo.

Ahimbisibwe alizima mashini, akashuka. Hakwenda kwa Niyomugabo, alikuja kwangu. "Nyabo, mimi hapana weza kuua mwingine. Hapana weza. Wewe unajua lugha yao. Ongea."

Nilimwambia Niyomugabo palepale: ni bendera, ni mimi. Akanitazama kwa huruma. "Unataka sifa ya marehemu, Munezero? Baba mukwe wako?" Wengine wakatikisa vichwa. Kwa hiyo kumwambia mmoja barabarani hakusaidii. Jumapili tunamaliza kilio, watakuwa pale wote.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya kanisa walijaa uwanjani kwetu. Maziwa yaligawiwa, wanaume wakasimama mmoja mmoja kumsifu Mzee kama wanavyosifu kwetu, kwa sauti ya juu na fimbo mkononi. Kila mmoja alimalizia na mashini. Niyomugabo alisema Sebagabo ametuachia njia, na sisi tutasimama alipokuwa anasimama. Wanaume walijibu kwa pamoja. Mama mkwe alikaa katikati ya wanawake, amejifunga kitambaa cheupe, uso umetulia. Alikuwa mzuri. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Wakwe wa kike hawasemi kwenye mambo kama yale. Nilisimama. Venuste alinong'ona, "Kaa chini." Sikukaa.

"Baba yetu hakusimamisha mashini," nikasema. "Hata siku moja. Mimi nilikuwa nyuma yake na bendera nyekundu, dereva alikuwa ananiona mimi. Yeye alikuwa ameniwekea mgongo, hakujua. Mimi nilijua na sikumuambia, kwa sababu alikuwa anafurahi. Waliponitoa pale, alisimama vilevile, na akafa. Hakukosea mguu, hakugeuza macho. Alisimama muzuri kabisa. Mashini haina masikio. Upande wa kulia dereva haone mutu. Niyomugabo, juzi ungekuwa umekufa. Mukitaka kupita, mungoje bendera. Nimemaliza."

Nilidhani watapiga kelele. Hawakupiga. Mchungaji aliangalia Biblia yake. Niyomugabo alikaa chini polepole, akaweka fimbo kwenye magoti. Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi, halafu mwingine, na nikaelewa kwamba wanamcheka Mzee. Mzee mzima, kila siku, fimbo juu, na nyuma yake mwanamke anapunga kitambaa. Sikuwa nimefikiria hicho kicheko.

Watu walitoka bila kumaliza maziwa. Mama mkwe aliningoja jikoni.

"Ulikuwa unajua tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na leo njo ulipata mudomo."

"Mama, batakufa wengine. Niyomugabo iko na watoto wadogo."

"Niyomugabo si bwana yangu." Alikunjua kile kitambaa cheupe, akakikunja tena. "Kule nyumbani balimunyanganya ng'ombe, balimunyanganya shamba, balimunyanganya watoto wawili. Alikuwa na ile kintu moja tu. Umeikamata mbele ya watu."

Nikatoka kukusanya vikombe uwanjani. Vingi vilikuwa bado na maziwa.

Jumatatu, 4 Novemba

Asubuhi ya mawingu, haijanyesha. Ng'ombe wamefika, wachungaji wote wamesimama pembeni wakangoja. Niyomugabo alikuwa mbele. Skrepa imepita, nimeinua kijani, wamevuka. Hakuna aliyenisalimia. Ng'ombe wetu sita sasa anawachunga Niyomugabo, na hata wale aliwapitisha mbali nami.

Ahimbisibwe alipiga honi mara moja kidogo alipopita. Nadhani alikuwa anashukuru.

Venuste amerudi Bwizibwera kwa gari la asubuhi, hakuniaga. Nimefika nyumbani jioni na viatu vimejaa matope. Mama mkwe amepika chakula cha mtu mmoja, amekula, na sufuria ameshaiosha.